Jinsi ya Kuyasoma Magofu ya Château Gaillard

Swali la mahali Wafaransa walipoingilia walipoiteka ngome ya Château Gaillard mwaka 1204 nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandikia somo.

Hatua ya 1. Tafuta mji wa Les Andelys, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kisha kilima cha chaki kilicho juu ya mto Seine.

Hatua ya 2. Kumbuka kuwa Richard I wa Uingereza aliijenga ngome hii kati ya 1196 na 1198, ili kuukinga mji wa Rouen dhidi ya Philip II wa Ufaransa.

Hatua ya 3. Anzia kusini-mashariki. Hapa ndipo nilipokosea mimi nilipoichora ngome: nilianza na mnara mkuu kwa kuwa ndio unaovuta macho, nikachora lango upande wa mto, na mchoro wote ukaharibika. Kwingineko kilima kina miteremko mikali, ila upande huu kimeungana na uwanda wa juu, na adui hakuwa na njia nyingine ya maana. Ndiyo maana boma la mbele, la kwanza kati ya matatu (la mbele, la kati na la ndani), lina umbo la pembetatu, ncha yake ikimwelekea anayekuja, nalo limetengwa na boma la kati kwa handaki lililochongwa mwambani. Tahadhari: ukichora, usilipake handaki rangi ya maji, kwani lilikuwa kavu.

Hatua ya 4. Tazama ukuta wa boma la ndani, uliojaa migongo ya nusu duara iliyoshikana, ili jiwe linalorushwa lisikute uso bapa.

MASWALI

— Sasa waliingilia wapi?
Upande umetajwa katika hatua ya 3. Tafadhali isome.

— Mwalimu, maboma matatu yaliangukaje yote?
Umeuliza jambo la msingi, ndugu yangu. La mbele lilichimbwa chini ya mnara wake hadi ukaporomoka. La kati liliingiliwa kupitia jengo lililoongezwa na Mfalme John, aliyemrithi Richard. Wapo wasemao ni dirisha la kikanisa, wapo wasemao ni tundu la choo. Mbele ya lango la ndani palikuwa na daraja la mwamba ambalo wajenzi hawakulikata, na wachimbaji wakajificha chini yake wakiutoboa ukuta. Ngome ilianguka tarehe 6 Machi 1204.

— Na raia?
Wanakijiji waliokimbilia ndani walitolewa ili chakula kitoshe, Wafaransa nao wakawazuia, wakabaki katikati majira ya baridi na wengi wakafa kwa njaa. Ukisimama handakini, wakumbuke hao kwanza.

— Nani aliibomoa?
Henri IV, mfalme wa Ufaransa, aliamuru hivyo mwaka 1599.

— Picha nzuri hupatikana wapi?
Kwenye uwanda wa juu, asubuhi, jua likiwa mgongoni: utaiona pembetatu, mnara mkuu nyuma yake, na Seine ikipinda chini.