Mtama, pweza na kamba kwa kachumbari ya embe

Chakula hiki hakina mchuzi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanapika nafaka, wanakaanga kamba, wanakatakata matunda, halafu wanalalamika kuwa kinakaba kooni. Mchuzi wake upo: ni yale maji yanayotoka kwenye kachumbari ya matunda. Ukishalijua hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Nafaka iive iwe kavu ili ipate kunywa, vitu vya bahari viingie vya moto, na kachumbari iwe baridi na iwe na majimaji.

Mimi nimezaliwa Dodoma, nimeolewa na mtu wa Mafia, na makazi yetu ni Kigamboni. Ndiyo maana bakuli langu lina mtama chini na pweza juu, na kila upande wa ukoo unaamini cha kwao ndicho chakula na cha wenzao ni kitoweo tu. Vipimo ninavyotoa hapa ni vya watu wanne wenye njaa ya mchana.

Utahitaji mtama mweupe vikombe viwili, pweza mmoja wa kama kilo moja, kamba nusu kilo, wenye vichwa vyao, maembe mawili yaliyoanza kuiva, nusu ya nanasi dogo, kitunguu maji chekundu kimoja, pilipili mbuzi moja, ndimu tatu, fungu la majani ya giligilani, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, chumvi na mafuta ya nazi. Konzi ya korosho zilizokaangwa ukizipata. Parachichi ni hiari yako.

Kununua

Kwa Dar es Salaam, nenda Feri, soko la samaki, asubuhi. Sisi wa Kigamboni tunashuka pantoni upande wa Magogoni na soko liko hapo hapo. Usijitose kwenye mnada kama huna mwenzako wa kugawana naye, kwa sababu pale mafungu ni makubwa. Ngoja wachuuzi wanunue, kisha ununue kwao kwa kilo. Beba ndoo yenye kifuniko na barafu. Joto la Dar halimsubiri kamba afike nyumbani.

Kamba mzuri kichwa chake kimeshika mwili barabara, nyama yake inang'aa na ganda ni gumu. Kichwa kikiwa cheusi na kinaning'inia, mwache. Akitoa harufu inayochoma pua, mwache hata kama bei imeshuka hadi unaona aibu kukataa. Ngisi anaweza kuchukua nafasi ya kamba: mchague mweupe mwenye madoadoa, kwani aliyegeuka waridi mwili mzima amekaa sana.

Bei ya pweza inafuata mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inakupwa mbali, miamba inabaki wazi, na wanawake wa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, na visiwa vingine wanatembea kwa miguu wakiwachokoa pweza mashimoni. Yakiingia maji mafu, bahari isipokupwa mbali, pweza wanaadimika. Mama mkwe wangu akitaka kujua kama kuna pweza haulizi tarehe, anauliza maji. Nami nimeiga, natazama mwezi kabla ya kutazama pochi.

Mtama usiutafute kwenye maduka makubwa, huko utakuta unga. Nenda kwenye maduka ya nafaka, Tandale kwa mfano, uombe mtama mweupe mzima. Macia, mbegu inayolimwa sana Dodoma, ni mweupe na unafaa. Mtama mwekundu una ukakasi unaogombana na ndimu. Huo uache kwa pombe na uji.

Mtama, kuanzia usiku

Pepeta, chagua vijiwe, osha hadi maji yawe maangavu, kisha uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji. Chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa, tia chumvi, mimina mtama. Usiupike kwa kukadiria maji yakauke kama wali, kwa kuwa punje zitapasuka na kutoa ujiuji. Upike kwenye maji tele, kisha uchuje.

Dakika hamsini hadi saa nzima zinatosha kwa mtama uliolowekwa. Uliokobolewa unaiva mapema zaidi, anza kuuonja baada ya nusu saa. Punje iwe laini lakini meno yakutane nayo. Ukiuchuja, uutandaze kwenye sinia utoe mvuke kwa dakika kumi. Hatua hii watu wanairuka, na mtama uliolala kwenye sufuria yenye mfuniko unaendelea kujipika na kulowa, kachumbari ikija haina pa kuingia.

Uwele nao unafaa na unaiva haraka. Wali utafaa ukiwa wa punje ndefu zilizoachana, ila unalegea upesi ukikutana na maji ya matunda, kwa hiyo ule mara moja.

Pweza

Kama hajasafishwa, pindua kichwa kama unavyopindua soksi, toa matumbo na kifuko cha wino, kata macho, kisha bonyeza katikati ya mikono hadi ule mdomo mgumu utoke. Msugue kwa chumvi ya mawe ili utelezi utoke, hasa kwenye vikombe vya mikono, maana mchanga unajificha humo. Suuza mara kadhaa.

Ulaini wa pweza una njia zake. Wavuvi humpigapiga akiwa bado ufukweni. Wa nyumbani tuna friza: mgandishe usiku mmoja au miwili, barafu itavunja zile nyuzi, kisha ayeyuke taratibu. Kuna wanaomtupia kipande cha papai bichi sufuriani. Kinalainisha kweli, kwa sababu utomvu wa papai unameng'enya nyama, lakini mama mkwe wangu anasema kinamvua ngozi na kumwacha uchi, na kwa hili nakubaliana naye. Ngozi ndiyo inayoshika moto mwishoni.

Sasa muweke kwenye sufuria nzito bila maji na bila chumvi. Funika, moto mdogo. Usiogope, ndani ya dakika chache atatoa maji yake mwenyewe ya rangi ya zambarau na atapikwa na hayo. Kitunguu saumu kimoja kilichopondwa na kipande cha tangawizi vinamtosha. Baada ya dakika arobaini na tano, choma kwa ncha ya kisu pale mkono unapoungana na kichwa. Kisu kikipenya bila kubishana, zima moto. Kikikwama, mpe dakika kumi nyingine, na uongeze maji nusu kikombe kama sufuria imekauka. Mwache apoe ndani ya maji yake. Atakuwa amepungua karibu nusu, kwa hiyo usimshangae mchuuzi, hajakuibia.

Yale maji usiyamwage. Ongeza ndimu, pilipili manga na chumvi, unapata supu. Wanaume wa mtaani kwetu wana mengi ya kusema kuhusu supu ya pweza na nguvu zao. Mimi nasema tu ni tamu.

Kamba, na vichwa vyao

Ng'oa vichwa, menya maganda, pasua mgongo na utoe ule uzi mweusi. Vichwa na maganda usitupe. Pasha vijiko vinne vya mafuta ya nazi kwenye kikaango, uvikaange kwa moto wa wastani huku ukivikandamiza kwa mwiko, dakika sita au saba, hadi mafuta yageuke rangi ya chungwa. Chuja. Gawa mafuta haya mara mbili: nusu changanya na mtama ukiwa bado una uvuguvugu, nusu uwakaangie kamba na pweza. Kwa namna hii mtama wenyewe unabeba ladha ya bahari, badala ya kukaa chini ukisubiri kubebwa.

Kamba wenyewe wakaushe kwa kitambaa safi, wapake kitunguu saumu, bizari nyembamba, chumvi na mafuta kidogo. Ndimu isiwaguse bado. Asidi inaanza kuigeuza nyama kuwa nyeupe na ngumu kabla haijaona moto, na hailingani na kupika, kwani haiui kila kijidudu. Nanasi bichi ni baya zaidi. Lina kimeng'enya kinachokula nyama, na kamba aliyelala humo nusu saa anageuka uji. Matunda na kamba wakutane kwenye bakuli tu.

Kuwakaanga kuje mwisho kabisa, watu wakiwa wameshanawa mikono. Kikaango kiwe cha moto haswa. Wapange kwa nafasi, dakika moja na nusu hadi mbili kila upande. Akijikunja nusu duara ameiva. Mkia ukigusa shingo, amepita. Watoe, kisha uingize pweza uliyemkata vipande vya kidole kimoja, umwache bila kumgeuzageuza hadi ngozi iungue kidogo pembeni. Ukiwa na jiko la mkaa na wavu, mchome huko. Chumvi anawekewa sasa.

Kachumbari

Itengeneze wakati mtama unatoa mvuke, ili ipate kama dakika ishirini za kukaa kabla ya kuliwa.

Anza na kitunguu. Kikate vipande vidogo, kinyunyizie chumvi, kifikiche kwa mkono, kioshe na ukikamue. Ule ukali unaobaki mdomoni hadi jioni unatoka na maji. Kamulia ndimu mbili juu yake na ukiache kigeuke waridi.

Kisha nanasi. Msimu wa mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, huna sababu ya kununua mengine. Likate vipande vya unene wa kidole, uvipitishe kwenye kikaango kikavu au juu ya mkaa hadi viwe na mistari ya kahawia, ndipo uvikate vidogo. Joto linakizima kile kimeng'enya, ulimi hauwashi, na sukari yake inapata ladha ya kuungua ambayo pweza anaipenda. Usipotaka kazi hiyo, litie bichi, ila kachumbari iliwe upesi.

Embe liwe limeiva nusu: harufu imeanza, kidole kinabonyea kidogo tu. Dodo ni zuri. Bolibo lililoiva sana ni tamu mno na linavurugika, liliwe baada ya chakula. Kata vipande vya ukubwa wa punje mbili tatu za mahindi. Ukiwa na embe moja bichi kabisa, likune kidogo uchanganye, linatia uchachu ambao ndimu peke yake haitoi. Embe ng'ong'o nayo inafanya kazi hiyo vizuri.

Changanya kitunguu na ndimu yake, nanasi, na pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu na kukatwa ndogo sana. Chumvi nusu kijiko cha chai. Embe lifuate, ukigeuza kwa upole. Weka kwenye friji. Chumvi itavuta maji kutoka kwenye matunda, na baada ya dakika ishirini utakuta kama nusu kikombe cha maji chini ya bakuli. Yaonje. Yawe na chumvi iliyozidi kidogo ile unayodhani inafaa, kwa sababu ndiyo yatakayounga mtama. Yakiwa matamu sana, kamulia ndimu ya tatu. Yakiwa makali, ongeza nanasi kidogo. Giligilani zikatwe dakika ya mwisho, vinginevyo zinasinyaa na kuwa nyeusi.

Maembe yakiisha, usilazimishe yale magumu ya kwenye majokofu. Katikati ya mwaka machungwa ya Muheza yanajaa mitaani. Menya, toa ngozi nyeupe na mbegu, kata, changanya na papai gumu. Kwa pweza, mimi hata nayapenda kuliko embe, ingawa nyumbani nimebaki peke yangu na msimamo huu.

Kupakua

Mtama wa vuguvugu chini, kwenye bakuli pana. Teka yale maji ya kachumbari kwa kijiko, umwagie mtama vijiko vitatu au vinne kabla ya kitu kingine chochote, na usubiri kidogo unywe. Pweza na kamba wa moto upande mmoja, kachumbari upande wa pili, usivifunike. Parachichi kama lipo. Korosho zilizopondapondwa juu.

Wenye watoto watenge kachumbari yao kabla ya kutia pilipili. Na ukiwa na mgeni, muulize kwanza kama kamba hawamdhuru; wapo wanaovimba midomo kwa kipande kimoja, na kwao hata mtama uliopakwa yale mafuta ya vichwa haufai, uwatengee wa peke yake.

Kachumbari haifiki kesho. Pweza na kamba, kama wameingia kwenye friji mapema, waliwe siku inayofuata. Mtama ndio mvumilivu, siku tatu kwenye friji bila tatizo, na kesho yake asubuhi ule usiopakwa mafuta ya vichwa naupasha kwa tui la nazi na iliki, nikautia sukari, wanangu wakaubeba shuleni.