Usitupe mbegu za machungwa unapopika jeli

Tumevuna machungwa ya uani hapa Muheza, na safari hii jeli imeganda vizuri bila unga wowote wa dukani. Ukishakamua, kusanya mbegu zote pamoja na nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, uzifunge katika kitambaa safi cha pamba, uziloweke usiku kucha katika vikombe 2 vya maji, kisha asubuhi uzichemshe kwa moto mdogo kwa muda wa saa 1 hivi na ukamue kitambaa ndani ya sufuria kikiwa bado na uvuguvugu. Ule ute mzito unaotoka ndiyo pektini, ambayo hugandisha jeli inapokutana na sukari na ukali wa tunda. Kukamua sana huifanya jeli isiwe angavu sana. Mimi naona ni heri hivyo kuliko ibaki maji.

Njia hii hushindwa machungwa yakiwa yameiva kupita kiasi, kwa sababu pektini yake imepungua na ukali umekwisha. Hapo ongeza maji ya ndimu 3 au 4, au changanya na madanzi, ambayo yana pektini nyingi. Hushindwa pia ukitia sukari kabla ya kuchemsha kitambaa, au ukiendelea kupika baada ya tone lililowekwa kwenye kisahani baridi kukunjamana unapolisukuma kwa kidole, kwani moto mwingi huivunja pektini hiyo hiyo.