Somo: Kuwajengea skauti vijana weledi bila fimbo wala makelele

Somo hili ni la walezi wa skauti wa umri wa sekondari. Vikundi vingi huharibika kwa sababu mlezi anaamrisha kila kitu mwenyewe, kisha analalamika kwamba vijana hawajitumi. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipopiga kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa vijana katika patroli nne, yaani vikundi vidogo, kila moja na kiongozi wake kijana. Anzia hapo.

Hatua ya 1: Kazi yenye jina. Gawa kundi katika patroli za vijana 6 hadi 8. Wakipungua, kazi zinawalemea. Wakizidi, wawili watatu hujificha nyuma ya wenzao. Kila mmoja apewe kazi: kiongozi, msaidizi, mtunza vifaa, mweka kumbukumbu, mtunza fedha, mhudumu wa huduma ya kwanza. Iandike kwa namna inayopimika. "Atunze vifaa vizuri" haisaidii. "Ahesabu kamba, panga na sufuria kabla na baada ya mkutano, aandike idadi daftarini" inaeleweka hata kwa aliyejiunga jana.

Hatua ya 2: Kanuni tano, si kumi na tano. Wape nusu saa wazitunge wenyewe. Kila kanuni itaje tendo linaloonekana. "Tuheshimiane" itapigiwa makofi na kusahaulika. "Anayeongea hakatizwi" inaweza kusimamiwa.

Hatua ya 3: Saa ni saa. Kama mkutano ni saa tatu asubuhi, "Gwaride, mguu sawa!" isikike saa tatu, hata wakiwepo wanne. Ukiwasubiri wachelewaji, unawaadhibu waliowahi, na Jumamosi ijayo nao watachelewa.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa dakika saba. Kiongozi wa patroli akague watu wake kwanza, mlezi apite baadaye. Anzeni na bereti, shukeni kwenye skafu, vifungo, kucha, mwisho viatu. Skafu ndiyo inayosema zaidi. Itandazwe mezani, ikunjwe kwa mikunjo myembamba kutoka ukingo mrefu kuelekea pembe, na ibaki pembetatu ya kama sentimita 15 ya kuonekana mgongoni. Wawili wakiishika ncha huku na huku, mkunjo hukaza. Akikunja mmoja peke yake juu ya goti, hulegea katikati na kufikia saa nne imeshafumuka. Kwa hiyo waambie wakunjiane. Ndipo mkubwa na mdogo wanapozoeana.

Hatua ya 5: Kurekebisha. Mwite aliyekosea kando, lakini mahali mnapoonekana na wengine. Taja tendo, athari, na linalofuata: "Umefika saa tatu na dakika ishirini. Wenzako wamesimamisha hema bila wewe. Jumamosi ijayo utafika saa mbili na nusu, utafungua stoo." Basi, usiongeze hotuba. Pushapu hazifai, kwani kijana hujifunza kwamba kuchelewa kuna bei ya pushapu kumi, analipa, anarudia. Kusafisha choo kusiwe adhabu pia. Mkishakifanya choo kuwa aibu, kambini nani atakisafisha kwa hiari?

Hatua ya 6: Adabu mbele ya wageni. Skauti kwa skauti hupeana mkono wa kushoto. Ila mzee wa mtaa au mgeni asiye skauti akipewa kushoto, ataona amedharauliwa, na kwa mila zetu ana haki. Fanyeni mazoezi ya kuigiza: mmoja awe mgeni, mwingine ampokee kwa "Shikamoo" na mkono wa kulia, ajitaje jina na patroli yake, amwonyeshe pa kukaa. Wabadilishane hadi kila mmoja apokee mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nusu ya vijana wangu hawana sare kamili, wazazi hawana uwezo. Niwakague vipi?
Jibu: Kagua usafi na mpangilio, usikague gharama. Anza na skafu kwa wote. Mzigo wa kitambaa ukinunuliwa kwa pamoja, fundi mmoja anamaliza kikundi kizima. Shati la shule lililopigwa pasi linatosha wakati mnachanga. Usimtoe kijana mstarini kwa kukosa kaptula ya kaki, maana hatarudi.

Swali: Viongozi wa patroli wamegeuka mabosi, wanawafulisha wadogo nguo zao. Nifanyeje, kaka?
Jibu: Kiongozi asiwe na mamlaka ya kuadhibu kabisa, ana haki ya kupanga zamu tu, na jina lake liwe kwenye zamu hiyohiyo. Kaa na baraza la viongozi kila baada ya wiki mbili, pitieni daftari la zamu. Jina lake lisipoonekana kwenye kuosha sufuria, muulize hapohapo mbele ya viongozi wenzake. Akirudia, avuliwe cheo kwa mwezi mmoja.

Swali: Simu je? Wanachati mpaka kwenye gwaride.
Jibu: Kikapu kimoja kwa kila patroli. Mweka kumbukumbu apokee, aandike, arudishe mwishoni. Simu ya mlezi iingie ya kwanza. Ya dharura ibaki kwa mlezi wa pili, ambaye lazima awepo kila mkutano.