Ijumaa jioni, usikimbilie porini

Kwa wenzangu mlioko Alice Springs, huko katikati ya Australia: mkitoka kazini Ijumaa mkataka kulala porini, kaeni kwanza mwangalie saa. Mwezi wa Julai jua linazama kama saa kumi na mbili jioni. Ukifunga kazi saa kumi na moja, kilomita 135 za kwenda Ormiston Gorge, korongo la mawe tunakopiga kambi, nusu yake utaziendesha gizani, na giza likiingia ndipo kangaruu wanapotoka kula majani kando ya lami. Mmoja akivuka, wa pili yuko nyuma yake. Mimi siku hizi pakia-pakia yote naimaliza Alhamisi, au nalala nyumbani na kuondoka Jumamosi asubuhi, jua likishapanda.

Ukifika, angalia juu kabla ya kusimika hema. Mikaratusi mikubwa ya kando ya mito mikavu hudondosha matawi mazima bila hata upepo. Na ule mchanga laini wa mtoni, unaovutia kama kitanda, uache: mvua ikinyesha mbali mto unakuja usiku.

Baridi nayo si mchezo, inashuka chini ya sifuri. Blanketi moja liwe CHINI yako, maana ardhi ndiyo inayonyonya joto. Chupa ya maji ingia nayo ndani ya mfuko wa kulalia, asubuhi utapata maji ya chai yasiyo barafu.

Simu haishiki huko. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi.