Kikomo kidogo kinavyoweza kukunyima bonasi ya kadi

Kabla ya kuomba kadi ya mkopo kwa ajili ya bonasi ya kujiunga, soma masharti uone kama bonasi imefungwa kwenye daraja fulani la kadi. Marekani, kwa mfano, Visa Signature, daraja mojawapo la kadi za Visa, huanzia kikomo (kiasi cha juu unachoweza kukopa kwa kadi) cha dola 5,000. Benki ikikupima ukawa chini ya hapo, inaweza kukukatalia au kukupa kadi ya daraja la chini, yenye bonasi ndogo au isiyo nayo kabisa.

Kama tayari una kadi nyingine za benki hiyohiyo, huenda umeshafika mwisho wa mkopo wote inaokubali kukupa. Ukikataliwa kwa sababu hiyo, usiombe upya. Piga simu uombe sehemu ya kikomo cha kadi ya zamani ihamishiwe kwenye mpya. Si benki zote zinazokubali.

Kikomo cha dola 1,000 na sharti la kutumia dola 3,000 ndani ya miezi 3 ili upate bonasi? Inawezekana. Lipa deni kila linapokaribia kikomo, bila kungoja taarifa ya mwezi, ila malipo huweza kuchukua siku kadhaa kurudisha nafasi ya kutumia kadi. Miezi hiyo 3 mara nyingi huhesabiwa tangu ombi lilipokubaliwa, kadi ikiwa bado njiani.