Rola kosta ya nyuma ya nyumba, vile nilijenga yangu huku Riat, Kisumu

Kabla ununue hata ubao mmoja, toka nje uangalie shamba lako limelala aje. Wengi wanakimbilia mbao, wanaanza mnara kwa uwanja tambarare, pesa inaisha kabla reli ianze. Sisi huku Riat mteremko ni wa bure, kwangu kutoka mlango wa jikoni mpaka fensi ardhi inashuka karibu futi 5 na hiyo ndio ilikua mnara wangu.

Ya kwanza usiweke kona wala zile za kugeuza mtu kichwa chini. Jenga ya kwenda na kurudi, gari linashuka, linapita bondeni, linapanda upande wa pili, nguvu inaisha linarudi, linabembea hivo mpaka linasimama lenyewe, hata breki hauhitaji. Siri ni moja tu, mwisho wa reli uwe juu sawa na pale unaachilia, ju msuguano lazima ule kitu na gari haliwezi fika huko kama hakuna mtu amelisukuma. Sasa hapo kwa kusukuma, kuna mjomba mmoja kila familia, huyo mfikirie mapema, funga tairi kuukuu mbili za gari kwa nguzo ya mwisho.

Urefu usikudanganye. Ukishuka mita 1.5 unafika chini na karibu kilomita 20 kwa saa. Mita 3 haikupi 40, inakupa kama 28, ju kasi inafuata kipeuo cha pili cha urefu, ile skwea ruti tulilia nayo shule. Kwa watoto mita 1.5 inatosha kabisa, hawa wangu wanapiga nduru mpaka majirani wanachungulia.

Kitu inaumiza mtu kwa rola kosta ndogo ni bonde limekunjwa vibaya. Chukua kamba ya mita 3, funga kwa pegi, upande ule mwingine chaki, chora tao kwa sakafu ya simiti, alafu ukate mbao zako kufuata hiyo alama. Kwa tao hilo mtoto wa kilo 30 akifika chini anajiskia kama kilo 60, sawa tu. Ukilikunja la mita 1, anajiskia kilo 120, shingo haitaki hiyo. Ukitaka kilima kidogo katikati, kiwe futi moja na nusu hivi na tao lake lisipungue mita 4, la sivyo gari litataka kuruka.

Na la kwangu liliruka. Nilikua nimeweka magurudumu ya juu peke yake, nikaona reli inatosha, gunia la mchanga likapaa pale kileleni likaangukia sukumawiki. John Miller, Mmarekani mmoja wa hizi kazi, alipata hataza ya magurudumu ya chini ya reli 1919, mimi karne nzima baadaye bado najifunza kwa sukuma! Kwa hivo kila pembe ya gari iwe na matatu, la juu, la pembeni na la chini, jumla 12. Tafuta skeiti za mitumba pale soko la Kibuye, zile za magurudumu manne mstari mmoja, pea mbili zinakupa 16 na beringi zake, nne zinabaki za spea. Beringi ikinguruma ukiizungusha na kidole, achana nayo.

Reli ni paipu za PVC nzito juu ya ubao, zichomoze nje kidogo ili gurudumu la chini lipate pa kukanyaga, skruu ziingie kwa upande wa ndani, gurudumu la pembeni nalo lipite nje. Kata kijiti cha sentimita 50, kila taruma (ule ubao wa kukingama unaoshika reli mbili) unalofunga pima nacho kati ya reli mbili, ju zikipanuka hata nusu sentimita magurudumu ya pembeni yanabana, gari linakwama hapo hapo na abiria anaendelea na safari.

Nguzo chimbia futi 2, kila baada ya futi 4, paka oili chafu ju ya mchwa, alafu funga msalaba kati ya nguzo na nguzo. Kama uko Nyamasaria kwa ule udongo mweusi pole sana, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, nguzo zinatembea, chimba zaidi na upime upya na pima maji kila msimu. Misumari sahau, inalegezwa na mtikisiko, tumia bolti za milimita 8.

Mtoto asipande kabla gunia halijapanda. Nilitumia la mahindi, kilo 90, limefungwa na mkanda wa gari lililovunjwa, mara hamsini, kuanzia nusu ya urefu. Lilipanda upande wa pili futi 4 tu kati ya zile 5, nikajua msuguano uko kazini. Mtu mzima akija kupanda, mwambie gunia ndio kipimo, na wa kilo 100 asiniangalie vibaya. Helmeti lazima, mikono ndani, na kila asubuhi kabla hawajaamka napitia bolti zote na spana namba 13, juzi nilipata mbili zimelegea baada ya ile mvua ya usiku, hiyo siku hakuna mtu alipanda mpaka saa nane.