Kumchambua Ligia: anza na mkia

Maji yakitoka, simama kando ya mwamba wa pwani uangalie nyufa. Wale wadudu wa kijivu, bapa, wanaokimbia ukiinua mguu tu, watu wengi huwadhani mende. Hesabu miguu: mende ana sita, hawa wana kumi na minne. Ni isopoda, jamaa wa kaa na kamba, na jenasi yao ni Ligia, iliyopewa jina na Fabricius mwaka 1798.

Hatua ya 1: Mkamate bila kumshika

Nenda usiku na tochi, kopo la mdomo mpana na brashi laini ya rangi. Tega kopo chini ya ufa, kisha msukume kwa brashi adondoke ndani. Mkono usitumie kabisa. Safari yangu ya kwanza nilirudi na tisa, na sita kati yao hawakuwa na mikia, kwa hiyo nikabaki na watatu wa kufanyia kazi. Wapoze kwenye barafu mpaka watulie, ndipo uwatie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Mmoja mwache hai, tutamhitaji.

Hatua ya 2: Hesabu pingili

Mlaze kifudifudi chini ya lenzi. Baada ya kichwa kuna pingili 7 za kifua, kila moja na jozi yake ya miguu, halafu 5 za tumbo, kisha kipande cha mwisho kiitwacho pleotelsoni, yaani pingili ya sita ya tumbo iliyoungana na telsoni, kile kipande cha ncha ya mwili. Ukipata jozi 6 tu za miguu, huenda ni kinda aliyetoka karibuni kwenye mfuko wa mama yake; jozi ya saba huota baadaye. Na ukimwona nusu mweupe nusu kijivu, si ugonjwa. Isopoda huambua gamba la nyuma kwanza, la mbele hufuata baadaye.

Hatua ya 3: Papasi

Papasi ni zile nyuzi za kichwani za kugusia. Zile ndefu ni jozi ya pili. Ya kwanza ni vijiti vidogo mno, usipoteze muda navyo. Angalia ile sehemu ya mwisho iliyo kama mjeledi. Kwa Porcellio na Armadillidium, wale wa chini ya vyungu vya maua, mjeledi una vipande 2. Kwa Ligia ni zaidi ya 10.

Hatua ya 4: Mkia

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nyuma kuna uropodi mbili, kila moja ina shina lenye matawi mawili membamba. Shika shina kwa koleo ndogo, uligeuze taratibu kwenye mwanga. Matawi yote mawili yakiota sambamba kwenye ncha ya shina, huyo ni Ligia. Tawi la ndani likikaa juu ya kijipembe chake mwenyewe, unaye Ligidium, ndugu yake wa nchi kavu yenye unyevu. Ukubwa wa mwili usikudanganye.

Hatua ya 5: Dume na spishi

Mgeuze chali. Pleopodi, vile vibamba vya tumboni, ndivyo anavyopumulia. Kwa dume, jozi ya pili ina kijiti kirefu cha kujamiiana, na umbo la ncha yake husaidia kutenganisha spishi. Dume wa Ligia exotica, aliyesambazwa bandari nyingi na meli, ana pia kijipembe kwenye mguu wa kwanza.

Vitabu vingi humweka familia ya Ligiidae, nusuoda ya Oniscidea, pamoja na isopoda wa nchi kavu. Vinasaba vimeanza kumvuta upande wa ndugu zake wa baharini, kwa hiyo lebo yako iandike kwa penseli.

Sasa yule aliye hai. Mpe tone la maji ya bahari. Atabana mguu wa sita na wa saba wa upande mmoja, na maji yatapanda yenyewe kati ya vinyweleo mpaka kwenye pleopodi. Ukishaona, mrudishe kwenye ufa wake.